Shemeji na Kilomita za Mteremko

Shoga, niko ndani ya lori la mchanga na Mama. Usicheke kwanza.

Ni shemeji na gari yake ya umeme. Ile aliyotuchosha nayo wiki nzima kwenye kundi la familia.

Asubuhi katupeleka kliniki ya macho. Unaijua njia, kutoka nyumbani ni mteremko mtupu. Tunafika, skrini inaonyesha kilomita za chaji iliyobaki ni nyingi kuliko tulizoondoka nazo. Kichwa kikamvimba. "Mmeona? Inajichaji yenyewe."

Nikamwambia achaji palepale, chaja ipo. Akanicheka, eti nimezoea petroli.

Sasa si mteremko ndio uliokuwa unairudishia chaji? Mtu mzima na ndevu zake anapima betri kwenye mteremko. Kwenye mteremko, shoga. Hakuwaza kwamba kurudi ni kupanda.

Tulipoanza kupanda, kilomita zikayeyuka. Akazima kiyoyozi. Akazima redio. Mama jicho limefungwa bandeji, jasho linamtoka, anaambiwa afunge dirisha, upepo unakula chaji.

Ikazima katikati ya kilima.

Akasema tushuke tusukume, tupunguze uzito. Sisi. Yeye na kitambi chake kabaki kwenye usukani, anatusomea kilomita alizokuwa nazo asubuhi.

Mama kashuka, kasimama barabarani. Kapunga mkono, lori likasimama. Dereva akauliza kama na yule bwana tumbebe.

Mama akapanda, akajifunga mkanda taratibu. "Huyo mwache. Anasubiri mteremko."