Zama za Kati za Wayahudi Ziliisha Lini, Baba?

Baba yangu uliyetangulia,

Sijamwambia mtu yeyote: sikujiandikisha uhasibu. Mama anajua Jumatatu naanza kusomea hesabu za makampuni, kumbe nimechagua historia, na nataka kufikia ile ya Wayahudi. Nakwambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeanza.

Unakumbuka Jumamosi ile, mwaka mmoja baada ya ukimbizi wako Tanzania kwisha, ukarudi kwenu Johannesburg na sisi tukakufuata? Nilikuwa na miaka minane, bado nailia Morogoro. Ulitupeleka mimi na Mama kwenye duka la vitabu vikuukuu la yule mzee wa Kiyahudi, ukafungua kitabu cha historia yao, ukamuuliza kwa nini Zama zao za Kati zinaanza na Waarabu.

Mzee akavua miwani. Akasema wengine huanzia pale dola ya Roma iliposhika Ukristo na kuwabana. Wengine pale Waislamu walipoteka nchi, Wayahudi wengi wakajikuta chini ya utawala mmoja. Mwisho wake ndio ugomvi kabisa: ni walipofukuzwa Hispania, au karne tatu baadaye, Wafaransa walipowapa haki za uraia?

"Kumbe ziliisha mlipopata kitambulisho!" ukacheka. "Basi zangu zimeisha mwaka jana tu."

Ulipomtafsiria Mama, hakucheka. "Zako, Baba Zuhura. Zangu ndiyo kwanza zimeanza."

Tulipofika robot ya pili, zile taa za kuongozea magari, ukamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya.

Tangu hapo, kila nikifungua kitabu cha historia natazama kwanza mwandishi ameanzia wapi, halafu najiuliza alikuwa amesimama upande wa nani.

Mwezi uliopita nilirudi dukani. Nilizungukazunguka kwenye rafu mpaka mzee akauliza kama nimepotea. Nikajikaza.

"Wayahudi wa Yemen, Wafaransa walipotoa zile haki, wao walipata nini?"

"Hawakupata kitu."

"Basi kwao ziliisha lini?"

Akanitazama sana. "Wewe ni binti wa yule mbishi. Eish, umeniharibia chakula cha mchana!"

Nilitoka nikicheka peke yangu kwa furaha. Nataka kulijua jibu, Baba. Na kama majibu ni mengi, nataka kujua kwa nini.

Lakini Mama anashona mapazia ya watu mpaka vidole vinavimba, ili mimi nipate kazi ya uhakika. Ijumaa baada ya sala nitamwambia. Akisema hapana, sijui nitapata wapi ulimi wa kubishana naye. Ubishi ulikuwa wako.

Bado anakuota, na kila asubuhi ananisimulia uliyomwambia. Kwa hiyo nakuomba, ukimjia wiki hii, muulizie mgongo, msifie mapazia, mchekeshe. Hili la historia usimwambie. Alisikie kwangu.

Binti yako