Kengele Uliyomwahidi Bi Kinuyo

Mwaka umetimia, Mama Fusae Horita, tangu ulipoilaza nyundo yako juu ya fuawe, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, usiamke tena. Theluji ya mji wetu wa Takaoka imeanguka na kuyeyuka, na karakana bado ina harufu ya mkaa wako.

Ulikuwa mkali, tuseme ukweli. Mteja wa kengele akikuharakisha ulimwambia, "Nenda dukani, ziko tele, zinalia kama sufuria." Lakini asubuhi hukuonja kitu kabla marehemu Baba hajawekewa wali wake kwenye madhabahu ya nyumbani na kupigiwa kwa kijiti kengele yake yenye umbo la bakuli, ajue chakula ki tayari. Tukichelewa ulituuliza kama tunataka afe tena, safari hii kwa njaa. Tumezikosa pia figili zako za siki. Ndugu yangu Kiyoto anajaribu kuziiga, maskini.

Uliacha kazi moja. Masikio ya Bi Kinuyo, jirani yetu wa kule mtoni, yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi alimpigia marehemu mumewe kengele asiyoisikia mwenyewe, akasema ni kama kuzungumza na mtu aliyekupa kisogo. Ulimwahidi nyingine, nene, yenye sauti nzito itakayomfikia. Uliwahi kuiunda tu. Kuigonga hadi ipate sauti yake hukuwahi.

Mjomba Yasuhei alisema, "Tomie, achana nayo. Nyundo ikizidisha hairudi nyuma."

"Mjomba, Mama aliahidi."

"Kichwa kigumu! Umetoka mama yako mtupu!"

Nilishukuru.

Nikagonga majira yote ya baridi. Karakanani ililia vizuri, hata Mjomba akakiri. Tukaipeleka. Bi Kinuyo akaipiga, akatutazama kwa huruma, akatikisa kichwa. Nililia garini, Mama, sikufichi.

Kiyoto ndiye aliyekumbuka ulivyokuwa ukipakia fuawe garini, sisi tukiona haya. Ulisema kengele haikai karakanani, inakaa nyumbani kwa watu, juu ya mto wao wa kitambaa, kwenye mikeka yao inayomeza sauti. Basi kesho yake tukashusha fuawe uani kwa Bi Kinuyo. Nagonga, naingia, naiweka juu ya mto wake mkuukuu mbele ya madhabahu, anapiga, anatikisa kichwa, natoka tena. Mwanawe akachungulia dirishani: "Dada, mnatengeneza kengele au mnabomoa nyumba?" Niliendelea kugonga. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, na siondoki ng'o.

Alasiri Bi Kinuyo akapiga, akabaki na kijiti hewani.

"Shhh!" akatuambia, na hakuna aliyekuwa amesema neno.

Sauti ilipokwisha kabisa, akaigeukia picha ya mumewe. "Haya mzee, njoo ule. Leo nimesikia na mimi."

Mjomba akatoka nje haraka, akidai anakwenda kutazama gari.

Mama, fuawe sasa makao yake ni garini. Kila kengele yetu itamalizwa nyumbani kwa mwenyewe, ulivyotaka wewe. Na leo, katika sala za mwaka wako, tumepiga ile ya Baba. Wali u tayari, mabakuli ni mawili.

Tunaokukumbuka ni sisi wanao, Tomie na Kiyoto. Kaka yako Yasuhei. Mjukuu wako Honoka. Na Bi Kinuyo, aliyesisitiza jina lake liwemo.

Hatutakusahau, Mama, asubuhi hata moja.