Nani Msindikizaji

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nina miaka sabini na tatu. Nimewazika wenyeviti wa mtaa watatu, wachongaji wote niliokaa nao banda moja la vinyago, na daktari aliyeniambia niache chumvi. Chumvi nakula bado. Na mbio nakimbia.

Leo jioni nimekanda miguu kwa maji ya moto, kama kila Ijumaa. Kesho usafi, keshokutwa mbio ndefu, kwenda daraja la Kigamboni na kurudi. Klabu yetu ya jogging inajiandaa na marathoni. Mie nimeshasema nakimbia nusu marathoni, siyo ile fupi ya watoto na wenye vitambi. Fulana nimefua mwenyewe. Simwamini mtu na fulana yangu.

Kuna kitu kinapikwa. Nimepita gengeni, nikamkuta mwenyekiti wa klabu, Mwalimu Neema, anaongea na Mzee Mapunda. Waliponiona wakanyamaza. Mapunda akanisalimia kwanza. Yule mtu tangu nihamie Mtoni Kijichi hajawahi kunisalimia kwanza. Alikuwaga karani bandarini, anajiona bado ana meza.

Najua wanachotaka. Mwezi uliopita, kule Kongowe, nilikaa chini barabarani. Wao wanasema nilianguka. Nilikaa. Jua lilikuwa kali nikaona nikae. Tangu siku ile Mwalimu ananitazama kama hesabu iliyokosewa. Na kasema mbele ya watu wote kwamba Jumapili, mbio ndefu ikiisha, ataamua nani apewe namba ya kukimbia na nani abaki meza ya maji. Meza ya maji! Mie nigawe vikombe, wengine wapite!

Mke wangu Somoe leo kanichemshia mihogo bila kuombwa. Naye namwangalia.

Naandika haya wasije wakaniambia nimesahau. Siku hizi kila nikibisha naambiwa nimesahau.

Jumamosi, tarehe 9 Mei. Mchana

Usafi wa mtaro wa zahanati. Ndiyo kawaida ya klabu, tunajitolea, hatulipwi. Wenzangu walipewa makoleo. Mie nikapewa kiti.

Kiti cha plastiki. Dulla, anayetuimbisha tukikimbia, akasema, "Babu, wewe kaa hapo utusimamie." Nikamwambia mtu hakai akasimamia, achague moja. Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha.

Nikamnyang'anya koleo nikaingia mtaroni. Nimetoa tope kuliko yeyote, na chupa, na kiatu kimoja cha mwanamke. Mikono hii imechonga mpingo tangu ujanani, tope kwangu ni uji. Mapunda naye alipewa kiti. Yeye akakaa. Aliponiona mie mtaroni ndipo akanyanyuka kusukuma toroli. Hilo nimeliweka akilini.

Halafu ndiyo nikasikia. Nimeinama mtaroni, hawanioni. Mwalimu anamwambia Dulla, "Yule mzee kesho ni msindikizaji. Usimwambie mtu."

Msindikizaji. Mie. Kila mpenda mpira anajua maana yake. Ni ile timu iliyopo ligini ili wenzake wachukue pointi. Ni yule anayekwenda harusini kujaza basi.

Koleo likanitoka mkononi. Soda yao sikunywa. Nimerudi nyumbani na kiu yangu.

Jumamosi. Jioni

Mwalimu kaja hapa nyumbani. Kaleta ndizi. Katoa shikamoo ndefu, nikaitikia fupi.

"Baba, nina kazi ya siri," kasema. "Nimeangalia klabu nzima, sina mwingine wa kumpa."

Nikazisogeza ndizi pembeni, nimsikie mwisho wake.

"Mzee Mapunda presha inamsumbua. Kesho anataka kufika darajani na mie namwogopea. Naomba umsindikize. Kaa ubavuni kwake, ila asijue. Ukimwona analegea, mpe hii glukosi."

Kumbe msindikizaji wa namna hiyo. Roho ikatulia. Kweli, nani mwingine? Wale vijana wanakimbia muziki umewajaa masikioni, mtu akidondoka nyuma hawasikii. Nikamwambia alale salama, mtu wake nitamrudisha hata mgongoni.

Alipoondoka ndipo nikaanza kufikiri. Somoe yuko jikoni, kajiziba mdomo kwa khanga. Nikamuuliza anacheka nini. "Moshi, baba Zainabu." Sie tunapikia gesi.

Na Mwalimu alipotaja presha alikuwa anatazama zile ndizi, siyo mie. Huu ni mtego. Wanataka nikimbie polepole kwa ajili ya Mapunda, halafu waseme mmeona, mzee hana mwendo, apewe vikombe. Au Mapunda adondoke, lawama ziwe zangu.

Nitamsindikiza. Lakini jicho moja kwake, jingine kwao.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Tumetoka alfajiri tunaimba, miguu inapiga lami pamoja. Dulla kaja na wimbo mpya.

"Nani kakaa?"
"Babu kakaa!"
"Kakaa wapi?"
"Kongowe!"

Nikaitikia kwa sauti kuliko wote, wasipate raha.

Vijana wakatuacha. Nikabaki ubavuni kwa Mapunda kama nilivyoahidi. Mwendo wake wa ajabu. Nikipunguza asichoke, naye anapunguza. Nikiongeza nimpime, anaongeza. Nikasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, naye akainama kufunga yake. Viatu vyake ni vya kubandika. Havina kamba.

Na njia nzima anauliza, "Unajisikiaje, mzee mwenzangu?"

"Wewe unajisikiaje?"

"Mie nimeuliza kwanza."

Hatukupata jibu hadi Kurasini.

Daraja lina kupanda. Pale hakuna utani. Nikamwona Mapunda kaachama mdomo, jasho linamtiririka kidevuni. Nikasema huyu sasa analegea. Nikatia mkono mfukoni nikatoa glukosi. Naye mkono wake mfukoni. Naye katoa glukosi. Imefungwa kitambaa kilekile cha kitenge cha njano kama yangu, fundo lilelile.

Tukatazamana.

"Hiyo kakupa nani?" nikamuuliza.

"Mwalimu. Na yako?"

"Mwalimu. Kakwambia mie nina nini?"

"Moyo. Kasema siri, nikusindikize usijue. Mie kakwambia nina nini?"

"Presha."

"Presha yangu haina neno, kamuulize nesi!"

"Na moyo wangu mzima! Msindikizaji ni mie!"

"Ni mie! Wewe ndiye msindikizwaji!"

Tumegombana palepale kwenye njia ya waenda kwa miguu. Dada mmoja muuza maji akatutazama akasema, "Wazee wangu shikamooni. Mnasindikizana kwenda wapi?"

Sikulipenda lile swali.

Nikamwambia Mapunda namwacha, narudi peke yangu, aone mwenye moyo ni nani. Nikageuka kwa hasira nikatimka. Hapo daraja likaanza kuzunguka. Maji yakawa juu, mbingu chini. Sikuanguka. Nilikuwa naelekea kukaa. Mkono ukanidaka chini ya kwapa. Mapunda. Kanikimbilia, na magoti yake yanatetemeka, akaniegemea na yeye. Kwa hiyo nani alimshika nani haijulikani. Tukashuka taratibu, tukakaa, migongo kwenye ukingo. Yule dada akatupa maji. Tukalamba glukosi, mie yake, yeye yangu.

Niliogopa. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma.

Baadaye Mapunda akasema, bila kunitazama, kwamba mwezi wa pili naye alikaa. Rangi Tatu, sokoni, mbele ya mama aliyepanga nyanya chini. Akajifanya anachagua. Akanunua mafungu yote, asiulizwe.

Sikucheka. Labda kidogo.

Kurudi tumetembea tumeshikana mikono. Klabu ilipoonekana tukaachiana. Tukaingia tunakimbia.

Mwalimu alikuwa kasimama na namba mkononi. "Haya, nani kamsindikiza nani?"

Kila mmoja wetu akagusa kifua chake. Klabu nzima ikalala kwa kicheko. Walijua wote. Dulla alijua. Somoe wangu alijua, na moshi wake. Nimeudhika sana. Nikamwambia Mwalimu si vizuri kumzungusha mtu mzima.

"Baba, ningekwambia usindikizwe, ungekubali?"

Nikajifanya natazama kamba ya kiatu.

Akanyoosha namba ya nusu marathoni. Ilikuwa mbele ya vidole vyangu. Na ya Mapunda kwenye mkono wa pili. Nikayaona yale magoti yake. Nikaona huyu mtu akipewa hii namba ataimaliza kwa ubishi tu, kisha tutamzika.

"Huyu usimpe nusu," nikasema. "Kakaa darajani."

Mapunda akanigeukia, macho mekundu. "Na huyu usimpe! Kaanza yeye kukaa!"

Hata Dulla hakuimba.

Mwalimu akarudisha zile namba mfukoni. Akatoa mbili nyingine. Za ile fupi. "Mtakimbia pamoja," kasema. "Mmoja akikaa, na mwenzake anakaa."

Ile ya watoto na wenye vitambi. Nimeipokea. Mapunda kaipokea. Tumerudi njia moja, yeye upande wake wa barabara, mie wangu. Hasira ninayo. Lakini siyo meza ya maji.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Mvua toka asubuhi. Miguu imevimba kidogo, si sana.

Mapunda kapita na mwavuli. Nikamsalimia kwanza, asipate nafasi. Tukakaa barazani. Somoe alishachemsha mihogo, na ilikuwa ya watu wawili. Sikumuuliza alijuaje. Marathoni hatukuitaja. Tuliongea habari za korosho za kwetu na za bandari yake, yeye ananidanganya, mie namdanganya. Namba zetu zinafuatana. Yake ndiyo inatangulia. Nimemuuliza nani kapanga hivyo, anasema hajui. Nitachunguza.

Fulana nimeianika ndani.

Yote niliyoandika ndivyo yalivyokuwa. Asiyeamini amuulize yule dada muuza maji wa darajani, alituona. Amuulize na Somoe, ila asubiri amalize kucheka. Mapunda asiulizwe nikiwa hai, atasema yeye ndiye aliyenishika. Nikiwa sipo, aulizwe yeye kwanza.