Kanda za Baba Zinazofukuza Ndege Kemambo

Nkende, Tarime,
29 Juni 2025.

Mpendwa kaka Hamidu,

Shikamoo kaka. Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Newala, wewe na wifi Shani na watoto wote. Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Nasikia mwezi huu huko juu kwenu ni baridi na upepo, mfunikeni kifua. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama miguu inamkaza asubuhi, ikifika saa nne inafunguka. Abubakari wangu ametimiza miezi minne, ananyonya usiku na mchana kama aliyepewa kazi hiyo na serikali. Baba yake yuko safarini na lori, akirudi analala siku mbili anaondoka. Mimi nimechoka kaka, lakini nasimama.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukiona jambo zito unanitumia kidole gumba. Huku nyumbani kidole gumba hakijibu kitu. Mwalimu Pudensiana, jirani yetu anayefundisha huko kwenu, amemaliza likizo anarudi, naye amekubali kukukabidhi mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni kanda ya baba uliyo nayo, ile moja uliyoondoka nayo ulipokwenda chuo. Juzi uliniandikia kwamba umepata studio Mtwara mjini, unataka kuipeleka ikasafishwe kama tulivyofanya zile nyingine. Kaka, usiipeleke. Hiyo ndiyo kanda pekee iliyobaki duniani yenye sauti ya baba. Naona bado hujaelewa mimi na wewe tumefanya nini, kwa hiyo naeleza.

Unakumbuka baba alivyokuwa anarekodi. Wewe uliyaona hayo kabla yangu, kule dukani kwake Mugumu, redio mbovu za watu zimepangwa mpaka kwenye dari. Bendi ikija kupiga ukumbini, anafunga kipaza sauti kwenye mpini wa jembe, anamwomba mkubwa wa bendi ruhusa, anakaa chini mbele kabisa. Na kabla ya kila wimbo anasema kwanza yeye. "Mugumu, Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili, mwaka themanini na nane. Mvua imekatika sasa hivi. Hawa ni Rubana Jazz. Mama Hamidu yuko kulia kwangu, amenuna, anasema viatu vinambana." Na nyuma unamsikia mama anasema, "Zima hicho kidude, wewe mwanamume!" Halafu ndiyo gitaa linaanza.

Mimi si mtaalamu wa muziki, nimeishia kidato cha nne. Lakini nyimbo zile nazijua kama ninavyojua njia ya kisimani. Ule wa polepole wa Rubana Jazz, wa mwanamke ambaye mumewe amekwenda machimboni, gitaa la kati linaanza peke yake, linatembea kama mtu aliyebeba ndoo imejaa pomoni na hataki hata tone limwagike. Besi inangoja. Mwimbaji naye kila mstari anaingia amechelewa kidogo, kama hataki kuitoa hiyo habari. Siku hizi wanaimba wote kwa wakati mmoja wanapiga kelele, hakuna anayemngoja mwenzake. Wale walikuwa wanangojana.

Na ule mwingine wa haraka, ukifika kwenye chemko, pale wacheza dansi wanapoanza kulowa jasho, mpiga saksafoni anaingia kabla ya zamu yake. Anagundua. Anacheka humohumo ndani ya saksafoni, unasikia kama bata amekabwa, anaanza tena. Baba angeweza kukikata kipande hicho. Hakukikata. Mwisho wa wimbo alisema, "Mmesikia? Hata fundi hukosea, na dansi haikusimama." Nikiwa mdogo nilikuwa nangojea maneno hayo kuliko wimbo wenyewe.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya litungu aliyorekodi kwao mama, Kemambo, wakati wa mavuno. Mzee Nchagwa na litungu lake la nyuzi nane na njuga mguuni. Baba anasema, "Kuku hao msiwafukuze. Waacheni nao wasikike." Kisha Nchagwa anapiga, na humo ndani anawataja waliokaa pale mmoja mmoja, huyu kwa ng'ombe wake, huyu kwa maringo yake. Anafika kwa mjomba Waitara, enzi hizo kijana, anamwita bwana harusi wa mbuzi mmoja, na watu wanaangua kicheko mpaka litungu linapotea. Kuku wapo. Nadhani hata moshi wa jikoni umo mle.

Basi wewe na Sadock, kijana wa studio hapa mjini, mkaelewana kwa simu. Sikatai, nia yako ilikuwa njema. Kanda zilikuwa zinaliwa na unyevu, redio kaseti ya baba iliungua, na mama alitaka kusikiliza. Lakini ulimwambia nini? Nilimwuliza Sadock, akanionyesha ujumbe wako. "Nataka nyimbo tupu. Usinijazie flashi kwa maneno." Siku ananikabidhi flashi alikuwa anatabasamu kabisa. "Dada, nimekutolea makelele yote. Mzee alikuwa anaongea huyo! Nyimbo zilikuwa kama zimefichwa kwenye matope." Nikamshukuru. Nilisikiliza wimbo mmoja, tena kipande cha katikati, mtoto analia mgongoni, nikaona muziki umeng'aa, nikaridhika. Hapo ndipo kosa langu lilipo na silifichi.

Mwezi wa tano mama alikuwa Mugumu kwenye msiba. Mjomba Waitara akaja kutoka Kemambo, mtama wake umetoa masuke na ndege wameanza kuushambulia. Unajua wanavyofanya kule, wanavuta tepu ya kaseti kutoka mti mmoja hadi mwingine juu ya shamba, upepo ukiigusa inavuma, jua likiipiga inamulika, ndege hawatui. Siku hizi kanda zimekuwa adimu. Akaliona boksi la baba. Nikakupigia simu mbele yake. Ulisema, "Mpe tu, si zote ziko kwenye flashi? Sasa hizo ni takataka." Nikampa. Nilimsaidia hata kulifunga boksi kwa kamba.

Mama aliporudi baada ya wiki tatu, jioni ileile aliomba muziki. Nikaweka flashi kwenye kispika, nikamkalisha kwenye kiti chake. Gitaa la kati likaanza. Mama akanyoosha mkono kama anayezuia mtu. "Ngoja, umeruka mwanzo." Nikarudisha. Gitaa tena. Wimbo wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, chemko limepita, saksafoni imeingia kwa zamu yake, safi kabisa, kosa limekatwa na kicheko kimekatwa. Kwenye ule wa litungu hakuna kuku, na bwana harusi wa mbuzi mmoja hachekwi na mtu. Mama akaniuliza taratibu, "Ummy, mbona baba yako amekaa kimya?"

Nilidanganya, kaka. Nikasema flashi ina hitilafu, kanda zenyewe ziko kwa fundi. Mama akasema sawa, atangoja.

Kesho yake nilikimbilia kwa Sadock. Anasema alishafuta, hakuweka akiba ya maneno, nani angeyataka? Nikapanda bodaboda mtoto mgongoni mpaka Kemambo. Kaka, natamani ungekuwepo. Shamba zima linavuma. Tepu imekatizwa huku na huku, imepigwa na mvua, imepigwa na jua wiki tatu, mahali pengine watoto wameifunga mafundo wakichezea. Mjomba amesimama katikati amefurahi. "Unaona, mpwa wangu? Hata mmoja hatui! Shemeji alikuwa fundi mpaka leo, anawafukuza ndege." Hakuwa na ubaya, ndiyo furaha yake. Nilifungua tepu kwenye miti mpaka vidole vikawa vyekundu kama nimeshika kutu, na ile kutu, nikajua baadaye, ndiyo sauti yenyewe inayobanduka. Nilibeba nilizoweza kwenye kanga ya mtoto. Mzee Simioni wa redio, pale sokoni, alikaa nazo siku mbili, akazungusha, akaunga, akaweka kwenye mashine yake. Ilitoka sauti ya mafuta ya chapati. Akazima. Akaniambia, "Pole mama," basi.

Nilipokueleza hayo kwa simu ulisema tusimwumize mama, nimwambie kanda ziliibwa kwa fundi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ningeweza kulisema. Lakini kila jioni mama ananiuliza fundi amefika wapi, na mimi natunga. Nimemtungia fundi safari, nimemtungia ugonjwa. Wiki iliyopita mama alimwombea dua apone. Kaka, mama anamwombea dua mtu ambaye hayupo. Hapo nikasema inatosha.

Usifikiri nakulaumu peke yako. Ulitaka mama asikie nyimbo vizuri. Lakini umekaa mbali miaka mingi mpaka umeamini alichotuachia baba ni nyimbo. Nyimbo zilikuwa za Rubana Jazz na za mzee Nchagwa. Cha baba kilikuwa ni yale maneno.

Naacha hapa kidogo, mtoto ameamka.

Naendelea leo Jumatatu. Nimemwambia mama. Nilimwambia asubuhi, baada ya chai, miguu yake ikiwa bado imekaza, pengine nilichagua saa ambayo hawezi kuondoka. Nilisema sisi. Sikusema Hamidu alisema, wala Sadock alikata, wala mjomba alichukua. Nilisema, "Mama, sisi watoto wako tumepoteza sauti ya baba. Kanda ziko shambani Kemambo na zimekufa."

Hakulia. Aliuliza, "Zote?" Nikasema zote, isipokuwa ile ya kaka. Akamwangalia Abubakari anavyorusha miguu kwenye mkeka. Kisha akasema, "Hiyo ya Hamidu ndiyo ya viatu." Nikasema ndiyo. "Mwambie asiiguse. Asimpe mtu. Asiitume kwa basi, asimpe mwalimu. Aje nayo mwenyewe." Baada ya hapo akachomoa flashi kwenye kispika akanipa mkononi, akasema nikimlaza mtoto nipige huko chumbani kwangu, yeye hana haja nayo. Kwa hiyo sasa nasikiliza peke yangu, sauti chini. Muziki bado ni mzuri kaka, siwezi kusema uongo. Gitaa bado linabeba ndoo yake. Lakini ni kama kuingia kwa watu bila kubisha hodi.

Kwa hiyo nakuomba, na hapa naomba kama mdogo wako lakini nakataa kurudi nyuma: usiipeleke studio. Usijaribu kuipiga kwenye redio yoyote ya mtu, ikinaswa ndiyo basi. Vunja vile vimeno viwili vya mgongoni kama baba alivyotufundisha, mtu asije akarekodi juu yake. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, iweke mbali na spika na mbali na watoto. Mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa, njoo. Mzee Simioni ameahidi kusafisha mashine yake na kutungoja. Mama atakaa, wewe utakaa, mimi nitakaa, itapigwa ilivyo, na maneno yake yote na makelele yake yote. Nimesikia ulivyosema safari ni ndefu. Ni ndefu kweli. Mama ana miaka sabini na moja.

Nisalimie wifi Shani, mwambie vitenge vilifika na nimevipenda. Wabusu watoto, na umwambie mkubwa kwamba babu yake aliwahi kufunga kipaza sauti kwenye jembe. Mjomba Waitara anakusalimu sana, anasema mtama umekuwa mzuri mwaka huu. Bado hajaelewa, na mimi sijapata moyo wa kumweleza. Mzee Simioni anakusalimu.

Mama nimemwuliza niandike salamu zake. Amesema atakusalimu mwenyewe ukija.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mlango huu salama, wewe na ulichobeba.

Ni mimi mdogo wako, niliyekasirika na ninayekupenda vilevile,

Ummy Abdurahmani