Nilichokiona Ndani ya Boksi

Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi
Jumatano, 10 Desemba

Mangi wangu Tarsis,

Salamu zikukute huko Kibosho umejikunyata na sweta lako. Mgongo unasemaje? Shemeji Agnesi hajambo? Mimi mzima, joto tu la Bongo linatukaanga bila mafuta.

Simu ningepiga. Lakini mimi na wewe tunajuana: ungeuliza, ningekuchekesha, salio lingekata, na neno lenyewe lingebaki kooni. Ndiyo maana nampa barua hii Elieshi muuza vitenge, anapanda basi kesho.

Nimesikia umemwambia mwanao Ansbert asikanyage nyumbani Krismasi hii, kwamba kwenu hakuna muuza mechi. Mangi, Mchaga abaki Dar Krismasi! Hata paka wa Kariakoo watamshangaa. Sasa kaa nikupe ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi uliopita, fainali ya bonanza, kiwanja cha Ilala, sisi wa maduka na wale mafundi wa Ilala wa kuchomelea mageti. Vijana wakiona kitu kwenye TV lazima wakilete mtaani, wakasema na sisi tuwe na VAR, yule refa wa kuangalia video. Ruqaya, binti wa Sheikhan muuza simu, akatoa simu mbili za dukani, moja nyuma ya kila goli. Video aiangalie nani? Timu zote zikanitaja mimi. Na haki yao! Nani mwingine kapuliza filimbi miaka ishirini na mbili, akatoa kadi nyekundu kwa mchezaji, kocha na mbwa aliyeingia uwanjani, siku moja? Wewe ulikuwepo, na ukinikana nitasema ulikuwa umelewa mbege.

Jua kali, kioo cha simu hakionekani, wakaniletea boksi la TV nichomeke kichwa humo. Benedikta mama ntilie akanicheka, eti mzee Mwinyimvua umeshanunuliwa, mbona hujafungwa kamba? Nikamwambia anyamaze, asije akanitamani.

Dakika za mwisho, bila bila. Asad, yule fundi mrefu, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba, ukadondoka pale pale mstarini, Ansbert, kipa wetu, akaudaka. Wao wanasema goli, sisi siyo goli. Ansbert akaapa kwa Mungu haujavuka. Refa akachora kiboksi hewani kwa vidole, uwanja mzima ukanigeukia. Nikaingia kwenye boksi, nikatoka, nikanyoosha mkono kuonyesha katikati ya uwanja. Goli. Tukafungwa. Hata wa kwetu walinisifu, eti mzee hana upendeleo.

Tangu siku hiyo Ansbert hana raha. Sheikhan, ambaye ndiye mwenyekiti wa timu yetu, kamnyang'anya glavu. Akipita mtaani wanamuuliza mechi kauza jumla au rejareja. Juzi kaniamkia shikamoo baba, kwa adabu ile ile ya siku zote, na mimi nikageukia mizigo nikajifanya nahesabu.

Tarsis, sasa nasema. Kile kioo mimi sikukiona. Macho yangu ya karibu yamekufa, mwaka wa tatu huu, nimeficha. Ya mbali usiniambie kitu, nakuhesabia kunguru walioko Magomeni. Lakini kitu cha mkononi ni ukungu mtupu. Hata hapa nakuandikia na makapeni, ile kalamu nene ya kuandikia mizigo, mistari nabahatisha. Ndani ya boksi niliona mwanga unatikisika, basi. Nikaona aibu kusema. Nikasikiliza sauti. Kwenye simu watu wanapiga kelele goli, goli! Na mimi nikasema goli. Kumbe simu ilikuwa katikati ya mashabiki wa Ilala, na wale hata mpira wa kurusha wanashangilia goli.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini jioni barazani wakanizunguka, kahawa ya bure, wakaniuliza niliona nini, na wewe unanijua nikizungukwa. Nikawaambia nilimuona Ansbert anarudisha mkono makusudi ili mpira uvuke. Ule mkono nimeutengeneza mimi, Tarsis. Haukuwepo. Neno la kuuza mechi lilizaliwa pale, kwenye mdomo wangu, ndilo likapanda basi mpaka kwako.

Video nayo haipo. Simu ilikuwa ya dukani, Jumatatu yake ikafutwa kila kitu, ikauzwa, sijui ipo Tunduma, sijui Lubumbashi. Imebaki kauli ya mtu aliyeapa kwa Mungu na kauli ya mzee aliyechomeka kichwa kwenye boksi. Mpira ulivuka? Sijui, ndugu yangu. Mkono, hapo najua.

Jumapili nitasimama kiwanjani niwaambie wote. Wacheke, na mimi nimewacheka sana. Ansbert nimeshamwambia, jana, dukani kwake. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama baba yake anajua. Nikamjibu bado.

Sasa unajua. Mabasi ya tarehe ishirini yana nafasi, nimekwenda mwenyewe kuulizia. Yeye hatakupigia, anaogopa utamkatia simu. Mpigie wewe.

Nisalimie Agnesi na wote wa hapo nyumbani. Mimi nikutukane kwa utani wetu lini tena, ni wewe utakayesema.

Ni mimi rafiki yako,
Mwinyimvua