Ng'ombe Amefumbua Jicho

Mwenzangu, upo? Mume wangu amerudi sasa hivi kutoka machinjioni. Amekaa jikoni na mabuti yake, hata maji hataki.

Unajua kazi yake ni kumpiga ng'ombe kwa ile bastola ya chuma, apoteze fahamu kabla ya kisu. Leo bastola imeishiwa nguvu. Amempiga mmoja, akaanguka, kisha akafumbua jicho akamtazama. AKAMTAZAMA, mwenzangu!

Akampiga tena haraka, akazimia. Halafu akasimamisha kazi.

Msimamizi akaja mbio: "Endelea, si watakufa tu hao?"

Na msimamizi ni nani? Kaka yangu! Yuleyule mwenye nyumba tunayokaa bure.

Mume wangu akamwambia, "Shemeji, siwezi kumpeleka kwenye kisu akiwa macho. Leta bastola nyingine."

"Basi toka hapa, na nyumbani kwangu pia utoke."

Mwenzangu, mume wangu akaendelea na bastola ileile. Kila ng'ombe akimpiga mara mbili.

Sasa kaka amepiga simu, ati yameisha, anakuja kula. Mume wangu ananiuliza taratibu, "Utampakulia?"

Nimejikuta tayari nimeshika sahani tatu.