Pipa Dogo la Zelinda

Karibu na Modena, 9 Februari 1987

Mdogo wangu Zelinda,

Salamu nyingi zikukute salama huko Torino, wewe na mumeo. Nasikia anaumwa kifua; kimepoa? Sisi tu wazima, ila magoti yangu tu.

Utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka kumi na minane. Humu ndani kuna mwizi! Yale mapipa ya siki aliyokuwekea Baba darini ulipozaliwa, uende nayo siku ya kuolewa, bado yapo, na jina lako la chaki halijafutika. Kila Januari tunachota kidogo kwenye pipa dogo, kisha tunalijazia kutoka pipa linalolifuata. Safari hii tulilijaza vizuri, lakini wiki mbili baadaye nikachovya ufito: limepungua vidole vitatu.

Nikamshuku wifi yetu Norma, mke wa kaka Learco. Nani mwingine? Hapiki bila kutaka kusifiwa, na siki hiyo hukoleza chungu kizima. Nikaweka alama chini ya lile jiwe linalokalia kitambaa cha mdomo wa pipa, na kesho yake jiwe limesogea. Nikaanza kumnusa vidole mezani. Norma akaniambia mbele ya watu kwamba hata mbu akiniuma nitasema katumwa na yeye. Wakacheka. Mimi sikucheka, nikamwita mwizi, naye akakusanya nguo zake akarudi kwao.

Jumapili nikajifanya naenda misani, nikarudia njiani. Nikapanda darini polepole. Lo! Nilimkuta Baba amevaa shati la harusi, anajaza kichupa kwa kijiko. Nyuma yake vichupa kumi na kimoja. Akaniambia ninyamaze, nisimwambie Mama, maana Zelinda anaolewa Jumamosi na binti haendi kwa watu mikono mitupu. Mama tumemzika mwaka wa sita sasa, Zelinda. Kisha akaniuliza kama ile chupa ya kwanza niliifikisha.

Nikajibu ndiyo.

Nilimdanganya, kama nilivyomdanganya zamani. Unakumbuka aliapa hutapata hata tone ukiolewa na yule fundi wa kiwandani. Ulipoondoka hasira yake haikumaliza siku tatu. Alinipa chupa, kaifunga kwa nta, nikuletee harusini na nikuambie urudi nyumbani na mumeo. Nikaificha chini ya shuka zangu. Mimi nilizaliwa mwaka wa vita, zabibu zikaozea shambani, sikuwekewa pipa hata moja. Kila nikipanda darini nasoma jina lako. Ulikuwa wivu, mdogo wangu, wivu mtupu. Nikakuacha uamini Baba hakukusamehe.

Norma nilimfuata kwao nikamwomba radhi. Amerudi, ila ananinusa vidole.

Chupa yako iko hapa mezani, nta haijaguswa. Siitumi kwa posta. Baba ananisahau jina mimi ninayemkatia mkate kila siku, lakini lako bado analo. Njoo kabla halijamtoka. Mimi usinisalimie kama hutaki.

Norma na kaka Learco wanakusalimu, na mumeo msalimie sana.

Dada yako mwizi,
Ersilia